Askari Niliyemwinua Makumbusho

Kazi yangu ni kulea wazee hapa mjini Hopkins, ughaibuni, na mtu akianguka mbele yangu siwezi kumpita. Jumamosi tuliwapeleka makumbusho. Mezani walikuwa wametengeneza mfano wa vita vya zamani: vinyago vya askari wa miguu, wadogo kama kidole, bega kwa bega, wakiwazuia wapanda farasi. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi.

"Wachana naye, Nyaboke," akasema Wambui, mwenzangu wa kazi.

Niwachane naye? Mimi? Nikapitisha mkono juu ya kioo kilichozunguka meza, nikamvuta. Kumbe amebandikwa kwa gundi! Mimi na ukaidi wangu nikavuta kwa nguvu zote mpaka akang'oka, na kiwiko changu kikaangusha mstari mzima wa wenzake waliosimama.

Mlinzi akaja mbio.

"Mama, huyo alikuwa maiti," akaniambia. "Hao uliowaangusha ndio walioshinda."