Daktari wa Boti na Ule Moyo wa Bluu

Fundi huyu anaitwa Daktari, na wala si kwa ajili ya elimu. Shule alitoka mbio. Ni vile kila boti ya faiba ikiletwa, anaigongagonga kwa mpini wa nyundo, sikio kalitega, sura kaikunja kama analeta habari za msiba. Ubao uliofunikwa ndani ya faiba, ukiwa mzima, hujibu ko, ko. Uliooza hujibu bu.

Safari hii mgonjwa alikuwa boti ya mama mkwe wake, ile anayovushia abiria. Mwenyewe alikuwa pembeni, kakalia ndoo.

Daktari akagonga nyuma, pale inapofungwa injini. Bu.

"Umesikia, mama? Kumeoza. Aliyetengeneza hapa alikuwa fundi au mpishi?"

Akachana faiba kwa grainda, ile mashine ya kukatia na kusagia. Ubao wa ndani ukawa unachoteka kwa kijiko, mweusi, unanuka soksi.

"Cheki matundu ya skrubu! Hayajazibwa hata moja! Maji yameingia yakahamia kabisa na vyombo. Jamaa hana haya."

Daktari akakwangua hadi kipande kilichobaki kigumu. Pameandikwa vipimo kwa kalamu ya bluu. Chini yake, moyo uliochomwa mshale.

Mwandiko wake! Miaka minne nyuma, akiwa bado anachumbia, aliikarabati boti hii kwa siku moja ili aonekane mchapakazi. Alidhani mafundi waliofuata walishaifumua kazi yake yote. Sifa zake zote ukweni zilianzia hapo.

Kuufuta ule moyo ni kazi ya sekunde mbili. Akawasha grainda. Lakini siku ile ile aliweka na mataruma mapya, zile mbavu za chini ya sakafu, kwa haraka ile ile. Akinyamaza, ataing'oa sakafu kwa kisingizio gani? Na juu yake watapanda watu, na mama mkwe kashika usukani.

Akaizima grainda.

"Mama, yule ninayemtukana tangu asubuhi… ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Na mataruma ya chini nayo niliweka mbao mbichi. Nilikuwa na haraka ya kuoa."

Mama mkwe akainuka, akachungulia, akautazama moyo weee.

"Umeuchora vibaya pia," akasema. "Siku ngapi?"

"Wiki tatu. Mbao zikauke kwanza."

"Ng'oa."

Akachukua simu, akamwomba mwenye boti ya jirani awabebe abiria wake, huku akimsimulia kisa chote kwa sauti ya tangazo. Daktari akapiga magoti, akaanza na skrubu ya kwanza.