Video ya harusi ya mdogo wangu ilikatakata kwenye konsoli ya gemu, tukailaumu intaneti bure

Wakuu, salaam kwenu nyote. Waliotangulia umri, shikamooni.

Haya yamenitokea mwenyewe, nyumbani kwangu Magogoni, Kisauni. Wallahi sitatia chumvi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa. Kazi yangu ni kujaza makaratasi ya mizigo kwenye ofisi moja huko Changamwe. Si mtu wa IT. Nimeanza na hilo makusudi.

Sasa sikilizeni.

Mdogo wangu Rukia aliolewa Muscat. Mamangu hakuweza kwenda. Alikuwa ndio kwanza ametolewa mtoto wa jicho, na daktari akamwambia asisafiri mpaka amwangalie tena.

Hakulalamika. Alisema tu, "Kheri. Mungu akitupa uzima tutaonana." Lakini siku ya nikaha alishinda jikoni akichambua mchele ambao tayari ulikuwa safi.

Baada ya muda ikaja video, ndani ya hard disk, imeletwa na jamaa aliyerudi likizo. Urefu wake saa mbili na nusu, picha ya 4K, kazi ya mpigapicha hasa.

Mama akaja kutoka Likoni kukaa nasi wiki moja, aitazame. Kwenye simu hawezi. Anasema nyuso zote ni kama punje za kunde.

TV yetu ni kubwa lakini ni ya zamani, haina akili yoyote. Kitu pekee kilichounganishwa nayo ni konsoli ya gemu ya mume wangu Said, nayo ni ya zamani vile vile. Said akaweka programu ya media server kwenye laptop, video ikawa inatoka kwenye laptop, inapita kwa Wi-Fi, inaingia kwenye konsoli.

(Kabla hamjauliza: tundu la HDMI la laptop lilikufa kitambo. Na kwa flash konsoli hii inakataa file kubwa.)

Ijumaa alasiri nikaalika majirani. Mama akavaa leso mpya na kukaa kiti cha mbele. Chai ya tangawizi, mahamri, wanawake wanane sebuleni.

Nikabonyeza.

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Rukia anainua mguu kuingia ukumbini, anaganda. Sekunde tano. Anaruka hadi katikati ya ukumbi, anaganda tena, mdomo wazi. Sauti ya taarabu inakatika kama mtu mwenye kwikwi. Tulivumilia dakika ishirini. Jirani yangu Bi Mwanajuma akaanza kuzungumzia bei ya nazi, nikajua mambo yameharibika.

Mama akasimama taratibu.

"Basi mwanangu, nimemuona. Yatosha."

"Mama, hujamuona."

"Nimemuona nguo. Yatosha, usijitaabishe."

Nguo! Mtoto wake wa mwisho, ameona nguo.

Said alikuwa zamu bandarini, kwa hivyo nikampigia shemeji yangu Hamadi, anayeuza simu hapa Kisauni. Akaja, akaangalia TV akiwa amesimama, funguo za pikipiki mkononi.

"Shemeji, hii ni intaneti. Ongeza kifurushi."

Nikaongeza. Ikakatakata vile vile.

"Basi konsoli imechoka. Nunueni mpya."

Nikamshukuru, akaenda zake. Mama alisharudi chumbani, akawa anakunja nguo zake. Akasema Jumatatu anarudi Likoni, kuku wake hawana mtu.

Jumamosi asubuhi ndipo Mungu alipofungua njia. Intaneti ilikatika mtaa mzima. Kwa hasira tu nikabonyeza play, nikitaka nipate cha kutukana.

Video ikaanza.

Ikakwama palepale ilipokwama jana, lakini ilianza! Nikakaa chini. Kama intaneti haipo na video inacheza, basi hii video haitumii intaneti hata chembe. Inatoka laptop, inapita kwenye router, inaingia kwenye konsoli. Yote humu humu ndani. Kifurushi nilichoongeza hakina kazi hapa.

Nikasema sawa, tuanze na njia. Konsoli ya zamani, Wi-Fi yake pia ni ya zamani, na kati yake na router kuna kuta mbili. Nikaenda dukani kwa Hamadi nikachukua waya mrefu wa network, nikaupitisha chini ya mkeka mpaka kwenye konsoli.

Ikawa nafuu. Sauti ikanyooka kidogo. Picha bado inaganda.

Hapo nilikaribia kukata tamaa. Nikaenda kuizima laptop, nikaigusa, nikatoa mkono upesi. Imekuwa moto kama kikaango cha chapati! Na ile feni yake inalia kama kitu kinachotaka kuruka.

Nikajiuliza, kwani hii inafanya kazi gani? Si inatuma tu?

Nikafungua Task Manager, panapoonyesha laptop inashughulika na nini. CPU asilimia mia moja, haishuki. Nikaingia kwenye ukurasa wa ile media server, kumeandikwa neno moja: transcoding.

Nikatafuta maana yake kwa data ya simu. Kumbe konsoli yetu haijui kusoma video ya aina ile. Kwa hivyo laptop ilikuwa inaibadilisha video papo hapo, kipande kwa kipande, huku inaituma. Ni kama mkalimani mgonjwa anayemfasiria mtu anayesema haraka. Lazima aachwe nyuma.

Dawa basi ni kuifasiri mapema, yote, kabla ya wageni kukaa.

Nikapakua programu ya bure ya kubadilisha video. Nikachagua MP4, H.264, 1080p, aina ambayo hata konsoli ya zamani huisoma. Sikukimbilia yote, nilibadilisha dakika kumi za kwanza nijaribu. Nikabonyeza play.

Rukia akaingia ukumbini akitembea. Hatua kwa hatua, kama malkia.

Nilipiga kigelegele peke yangu sebuleni. Mama akauliza chumbani kuna nini, nikamwambia nimeona mende.

Nikaweka laptop juu ya vigae mbele ya feni, ikabadilisha video nzima siku kutwa. Sikumwambia mtu.

Jumapili baada ya alasiri nikamwita mama. Akagoma.

"Mwanangu, nishakwambia yatosha."

"Njoo unywe chai tu, mama."

Akaja. Nikabonyeza.

Akasahau chai. Alikuwa anataja watu kwa majina, anacheka, anamsema bwana harusi kuwa kilemba kimempotoka. Majirani waliposikia taarabu wakaingia wenyewe. Hamadi naye akatokea, akasimama mlangoni.

"Mumenunua konsoli mpya?"

"Ni ile ile, shemeji. Keti."

Kisha ikafika sehemu ambayo hata mimi sikuijua, kwa kuwa sikuwa nimetazama mpaka mwisho. Rukia ametolewa pembeni, macho yamejaa wanja, anaitazama kamera.

"Mama!"

Mamangu akaitika kwa nguvu, mbele ya sebule nzima:

"Abee, mwanangu!"

Hakuna aliyecheka. Rukia akasema aliyokuwa nayo ya kusema, bila kukatika hata neno moja, na mama akawa anamjibu kila jambo mpaka mwisho.

Jumatatu hakurudi Likoni. Kuku wakaangaliwa na watu wengine.

Funzo nililopata: video ikikatakata kutoka laptop hadi konsoli, usikimbilie kununua kitu. Jiulize kwanza kama intaneti inahusika kweli. Vuta waya. Halafu angalia laptop inahangaika na nini. Na ukiambiwa kifaa kimechoka, muulize aliyekwambia kama amekigusa.

Wajuzi wa humu, kama kuna njia rahisi kuliko yangu, nifundisheni. Na dada zangu munaosoma kimya kimya, semeni nanyi, ni kitu gani mumewahi kukitengeneza wenyewe baada ya kuambiwa hakitengenezeki?