Mashati ya Jumapili

Pasi ya dobi huyu ilikuwa ya mkaa, nzito ajabu. Siku ilipomponyoka mezani, majirani wa nyumba ya tatu walitoka nje wakaulizana tetemeko limeanzia wapi. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na kila aliposimulia tetemeko lilisogea nyumba moja zaidi. Watu walicheka, wakampa nguo zao. Nguo alizinyoosha kweli, hata kama maneno aliyapinda.

Kwa pasi hiyo alimlea kifungua mimba wake baada ya kufiwa na mume, mpaka kijana akapata kazi ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanda cha nondo. Kazi yake ilikuwa kulisha tanuri. Juu ya tanuri palikuwa na dohani ndefu. Dobi alidai kwamba kunguru wakitaka kuivuka ni sharti wafunge kibwebwe kwanza. Alichodai bila kutia chumvi ni kuhusu masizi. Masizi ya mkaa ukiyapuliza yanaruka. Masizi ya dohani yana mafuta, yanang'ang'ania nguo kama mgeni aliyeonja chungu cha watu.

Ndiyo maana mashati ya meneja wa kiwanda, sita, meupe pe, yalimfikia kila Jumamosi jioni na agizo lilelile: yaanikwe Jumapili tu. Jumapili tanuri lilizimwa. Dobi hakuwahi kuuliza sababu. Nani huuliza kwa nini jogoo anawika?

Kisha likabandikwa tangazo: Alhamisi kuna mkutano katika ukumbi wa shule. Hewa imechafuka, dunia inapata joto, mvua zimepotea njia, na kwa hiyo pasi za mkaa zipigwe marufuku mtaani. Dobi alisomewa mara mbili. Umeme wa chumbani kwake ulikuja kwa zamu kama mume wa wake wanne. Bila pasi ile angebaki na mikono mitupu.

Alhamisi asubuhi mwanawe alipita na buti za kazi miguuni, hakukaa.

"Mama, leo nakuomba, usinyanyue mdomo."

"Mdomo haunyanyuliwi, baba. Hufunguliwa."

"Basi usiufungue! Wanapunguza watu tanurini. Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Ukimgusa meneja, mimi ndiye nitakayedondoka."

Dobi alitazama tumbo la pasi likiwaka. "Haya," alisema. "Nimeufunga."

Ukumbini wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wamepangwa mistari miwili ya mbele, mwanawe akiwa mwishoni mwa benchi. Afisa wa mazingira, ambaye watu walimwita Bwana Hewa, alieleza vizuri jinsi moshi unavyoifunika dunia kama blanketi na joto likakosa pa kutokea. Dobi alielewa. Yeye na joto walijuana tangu ujana.

Kisha akasimama meneja, kola yake imesimama vilevile alivyoinyoosha dobi.

"Ndugu zangu, tusitafute mchawi. Kila mtu aanzie nyumbani kwake. Masizi yaliyo kwenye kuta zenu yametoka kwenye majiko yenu na pasi zenu."

"We!" Jirani wa dobi, fundi cherehani, aliruka kama amechomwa sindano yake mwenyewe. "Mkaa anaochoma huyu mama mwaka mzima, tanuri lako linaumaliza kabla hujapiga mswaki!"

"Na nondo za nyumba yako zilitoka wapi?" alijibu mtu wa mbele. "Uliziokota?"

"Nondo nilinunua. Moshi sikuagiza!"

Kelele zikapanda, wengine huku, wengine kule. Dobi alikalia mikono yake. Bwana Hewa aligonga meza. "Basi! Wanaokubali marufuku, wanyooshe mikono."

Mistari ya mbele ikaota mikono. Mwishoni mwa benchi mkono wa mwanawe ukaanza kupanda taratibu, ukafika begani, ukasita, ukapanda tena.

Dobi hakujua amesimama saa ngapi.

"Meneja, mwanangu. Mimi sikusoma. Nijibu swali moja tu la nguo. Kwa nini mashati yako huanikwa Jumapili?"

Mikono ikashuka mmoja mmoja.

"Sijawahi kutoa agizo kama hilo," meneja alisema polepole. "Nani alikuletea?"

Hapo ndipo dobi alipoona shimo alilolichimba. Aliyeleta alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekaa pale, anatazama buti zake.

"Nimesahau," alisema.

"Umesahau, au umetunga? Si wewe mama wa tetemeko?"

Kicheko kilipasuka. "Labda niliota," dobi alisema, akakaa. Pasi iende. Mjukuu atakula nini?

Benchi la mbele likalia.

"Hakuota." Mwanawe alikuwa amesimama. "Mashati napeleka mimi. Kila Jumamosi. Uliniambia mlangoni mwa ofisi, bosi: mama yako asianike mpaka mzime tanuri."

"Utanieleza ofisini," alisema meneja.

"Nitakueleza. Lakini kwanza iandikwe hapa."

Bwana Hewa alishika kalamu, akamgeukia dobi. "Na pasi yako, bibi, haitoi moshi?"

"Inatoa, sikatai. Andika. Ila kijiko kiandike kijiko, na pipa liandike pipa."

Kura haikupigwa tena. Bwana Hewa alisema marufuku isubiri mpaka dohani ipimwe kama pasi zitakavyopimwa.

Ijumaa saa nne asubuhi mwanawe alirudi ameshika buti mkononi. Aliziweka chini ya meza ya pasi, kazi imekwisha. Jumamosi mashati hayakuja. Kilichokuja ni ujumbe kutoka kiwandani: ovaroli la kazi ni mali yao, lirudishwe likiwa limefuliwa.

"Nipe," dobi alisema.

Alilifua Jumapili mpaka kaki yake ikang'aa kama siku ilipotoka dukani. Mwanawe alilichukua ili akalianike.

"Wacha."

"Mama, leo dohani imelala. Litakauka safi."

"Ndiyo maana nakwambia wacha."

Jumatatu tanuri lilipowashwa, alilitundika kambani peke yake, mikono imetanuliwa, likitazama dohani. Jioni alilishusha bila kulikung'uta, akalikunja kwa heshima zote, weusi wote ndani yake.

"Wapelekee," alimwambia mwanawe. "Waambie nimelifua, wamelianika wao."

Kijana alicheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Aliporudi, pasi ilikuwa imeshapata moto, na mama yake alikuwa amemwachia nafasi mezani.