Senti kumi za "silver" nilizichovya kwa mikono yangu, halafu zikauzwa kama error coin

Wakuu wote humu, salamu kutoka Kisumu.

Ninachoandika kilinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Anayetaka kubisha abishe, nimezoea.

Juzi kuna member aliweka picha ya senti kumi inayong'aa nyeupe, akasema ni mint error, kosa la kiwanda cha sarafu. Nikamwambia imechovywa nikeli. Akanijibu, "Mama, rudi jikoni."

Sawa. Nimetoka jikoni, chai iko mezani, hebu nieleze nilijulia wapi.

Mwanzo wa miaka ya sabini nilikuwa mwanamke pekee kwenye workshop ya plating hapa Kisumu. Tulikuwa tunachovya nikeli kwa handlebar za baiskeli, vikombe vya washindi wa mpira, taa za magari. Mwenye workshop alikuwa Mzee Ochola. Mimi nilikuwa naanzia kwa mashine ya polish, kisha nafunga kitu kwa waya wa copper na kukitumbukiza kwa tangi la dawa.

Shikeni hapo kwa waya. Mahali waya inagusa, nikeli haishiki vizuri. Inabaki alama ndogo, nyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga. Fundi mzuri anaifunga mahali mtu hataona.

Siku moja akaja Bwana Wasonga. Huyu alikuwa mtu wa suti na viatu vya kung'aa, alikuwa ananunua na kuuza vitu vya zamani. Alileta sarafu sita za senti kumi, hizi za Kenya za manjano, mpya kabisa. Akasema anataka ziwe nyeupe, atazibandika kwa kofia ya mtu wa harusi.

Nilizichovya. Zilitoka safi sana, na sitadanganya, nilijivunia.

Baada ya miezi kadhaa akaja Mwalimu Aduda kutoka Maseno. Alikuwa anafundisha hesabu na alikuwa anakusanya sarafu. Siku hiyo alileta fremu ya brass ipigwe polish, ya kuweka sarafu zake ukutani. Akatoa kitambaa mfukoni, akanionyesha sarafu mbili nyeupe za senti kumi.

"Unaona hii, nyar Alego?" Alikuwa ananiita hivyo, binti wa Alego, kwa sababu ndiko kwetu. "Kiwanda kilikosea. Walizipiga kwa vipande vya metal vya shilingi. Bwana Wasonga ako na zingine nne."

Nikageuza moja ukingoni. Alama yangu ya waya ilikuwa pale, ikiniangalia.

Nikamuuliza hizo nne atazilipia nini. Akasema hatalipa pesa, watabadilishana Jumapili nyumbani kwake. Yeye atatoa otonglo ya baba yake.

Kwa wadogo: otonglo tulikuwa tunaita senti kumi. Ile ya mkoloni ilikuwa ya shaba, na tundu katikati. Baba yake Mwalimu alifanya kazi kwa reli, akapewa moja kwa mshahara ambayo haikuwa na tundu. Mzee alikataa kuitumia mpaka akafa. Wasonga alimwambia Mwalimu kwamba hiyo ni feki, mtu aliziba tundu, lakini ataichukua tu kama kumsaidia.

Mnaona mchezo? Ya kweli inaitwa feki, feki inaitwa ya kweli.

Sikumwambia Mwalimu kitu hapo hapo. Niliogopa, nakubali. Nilimwendea Mzee Ochola kwanza.

"Wasonga ni customer," akasema. "Sisi tunachovya. Mtu akienda kudanganya na kitu chake, hiyo ni yake."

"Lakini Mzee, ile ni kazi ya mkono wangu."

"Basi nyamazia mkono wako. Ukienda huko, Jumatatu usikuje."

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa Maseno.

Nilimkuta Wasonga tayari sebuleni, na ile otonglo bila tundu iko juu ya meza. Mke wa Mwalimu, Mama Akinyi, akanipa kiti. Wasonga akauliza, "Huyu msichana wa polish anatafuta nini?"

Nikamwambia Mwalimu, "Niletee shilingi moja, senti kumi ya kawaida, rula na penseli."

Niliweka shilingi juu ya ile senti kumi ya kawaida. Senti kumi ni pana kuliko shilingi, ilitokeza pande zote. Nikasema, "Kama kiwanda kilitumia kipande cha shilingi, picha ya senti kumi ingetosha vipi? Herufi za ukingoni zingekatika. Hizi zenu ziko na kila herufi, mpaka mwisho."

Mwalimu akazisoma herufi moja moja. Huyo ni mtu wa hesabu, hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Nikalaza rula juu ya penseli, senti kumi ya manjano huku, nyeupe kule. Zikatulia sawa. Nilipotoa ya manjano na kuweka shilingi, upande wa nyeupe ukashuka. Kwa hivyo uzito wake si wa shilingi, ni wa senti kumi ile ile. Mwisho nikamwomba Mwalimu ruhusa, nikakwaruza moja yake ukingoni na faili. Chini ya weupe, manjano.

Sasa ile ya reli. Nikaipeleka dirishani. Tundu likizibwa, kiungo, yaani pale palipoungwa, hakikosi mstari wa duara, hata kikipigwa polish namna gani. Mimi viungo nilikuwa naangalia kila siku. Pale hapakuwa na mstari, mbele wala nyuma. Rangi ilikuwa moja, shaba imezeeka sawasawa mpaka katikati. Hiyo haikutobolewa kabisa.

Wasonga akacheka. "Na umejuaje hizi zangu zimechovywa?"

"Mimi ndiye nilizichovya."

"Basi wewe ndiye umeharibu pesa ya serikali. Unajua hiyo ni jela?"

Wakuu, hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na sikuwa na mtu wa kunitetea mjini.

Lakini nilikuwa nimeshachoka kuogopa. Nikamwambia, "Twende station ya polisi pamoja, Bwana Wasonga. Mimi nitasema nilichovya. Wewe utasema ulimwambia Mwalimu nini. Mama Akinyi atasema alichosikia."

Mama Akinyi alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani. Akasema, "Hata sasa hivi niko tayari."

Wasonga alichukua kofia yake akaenda. Hizo nne hakuzitoa hata mfukoni.

Mwalimu alifunga otonglo ya baba yake kwa kitambaa na hakuniambia asante. Alikuwa anafuta miwani, anafuta tu.

Jumatatu nilienda kazini kama kawaida, ili Mzee Ochola anifukuze uso kwa uso. Alinifukuza. Nililia njiani, kisha nikakodi kibanda kando ya barabara na kuanza polish ya mkono, brush na mchanga laini. Kabla sijaandika jina langu kwa ubao, niliandika: PESA HATUCHOVYI. Watu walicheka. Kuna wiki nilikula ugali na chumvi chini ya huo ubao, na watu wawili walikuja na sarafu wakarudi nazo.

Nilichojifunza: uongo wa kitu unajulikana na aliyekitengeneza, na mara nyingi huyo ndiye anaambiwa anyamaze. Usinyamaze, hata kama ukweli unakugusa na wewe.

Kwa yule wa jikoni na wengine wote, karibuni mbishe. Leteni picha ya mbele, nyuma na ukingo.

Bila ukingo sijibu.