Mkokoteni wa Kanisa

Neno lenyewe ndilo lililoanza kunitia aibu. Kiongozi wa vijana, mzungu mpole mwenye sauti ya daktari wa meno, alieleza kwa Kiingereza kwamba tutavuta magari ya mikono kama waanzilishi wa kanisa walivyovuka nyika za Marekani. Mimi nilikuwa mkalimani wa vijana wa Kikongo, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa na nafuu, nikasema: mkokoteni. Safu yetu nzima ikacheka. Kwetu Uvira mkokoteni huvutwa na hamali kifua wazi, juu yake magunia ya mihogo na kreti za bia. Mmoja wetu akauliza kama tutalipwa kwa gunia au kwa siku. Nilipotafsiri swali, kiongozi alitabasamu, akasema malipo yako mbinguni.

Dada yangu hakutaka kwenda. Alikuwa amefagia nywele za watu kwa miezi mingi katika saluni moja ya katikati ya mji, na sasa mwenye saluni alikuwa amempa bibi harusi wa kumsuka Jumapili. Akimsuka vizuri, angepata kiti chake mwenyewe. Matembezi yalikuwa Jumamosi. Lakini mama alisema kanisa lilitupa mablanketi na sufuria tulipofika South Beach, hapa Durban, mikono mitupu. Hatuwezi kupikia sufuria za watu kisha tukatae kutembea nao. Dada akaenda, mikono yake ameivisha soksi isichubuke kabla ya bibi harusi. Kabla hata hatujaondoka aliamriwa azivue. Waanzilishi hawakuvaa soksi mikononi.

Ilikuwa barabara ya vumbi kati ya mashamba ya miwa, nje ya mji. Wasichana walivishwa magauni marefu yaliyoshonwa kwa mapazia, sisi suruali za sufu. Jasho la Durban halikauki. Linakaa juu ya mtu kama mafuta yaliyokwisha kukaangiwa samaki. Mchana tulipewa uji vuguvugu wenye nzi, na nikawala nzi kuliko kuonekana sina shukrani. Kiongozi alitufuata ndani ya pikapu, vioo vimefungwa, na kila tulipopumzika alishuka bila tone la jasho, ananukia sabuni, kutuhubiria. Alitusihi tujaribu kuwaza ilivyo kukimbia nyumba yako kwa miguu. Nilitafsiri hilo nimeinamisha kichwa, mbele ya watu waliokuwa wamekimbia nyumba zao kwa miguu.

Kisha tukafika kilimani. Filimbi ikalia, kiongozi akatangaza kama ilivyokuwa kwa waanzilishi: wanaume wameitwa vitani, wanawake watapandisha mikokoteni peke yao. Sisi wavulana tulipangwa kando ya njia, kofia kifuani, kimya, tusiguse kitu. Tulipaswa kujifunza kuwaheshimu dada zetu kwa kuwatazama wakiteseka. Dada yangu alishika mti wa mbele wa mkokoteni uliojaa magunia ya unga. Magurudumu yakazama, ule mti ukamsokota viganja, na nikamwona anauma mdomo. Nikaitupa kofia, nikasukuma kwa nyuma. Tulikuwa karibu na kilele filimbi ilipolia tena.

Kiongozi hakukasirika. Aliniambia kwa upole niwaeleze kwamba mkokoteni urudishwe chini na waanze upya, kwa sababu somo limeharibika. Maneno hayo niliyatia Kiswahili mwenyewe, nikahisi nimelamba sakafu.

Dada alikunjua viganja, akavikagua kama anavyokagua nyuzi za rasta. Vilikuwa vyekundu, lengelenge moja limevimba chini ya kidole gumba.

"Muulize," akaniambia, "kwa ile historia yake, bagonjwa balikuwa banatembea?"

Nikauliza. Kiongozi akajibu, machozi yakimlengalenga, kwamba hapana, walibebwa.

"Basi mi niko mgonjwa. Banibebe."

Akapanda juu ya magunia, akaficha mikono kwapani. Kiongozi akapisha njia. Wavulana wakashika mti wakicheka.

"Yaya, uko muzito kuliko bunga," mmoja akalalamika, kwa jina tunalowaitia dada wakubwa.

"Vuta, hamali," akasema dada.

Kule juu kiongozi alileta kamera. Wasichana wengine walinyoosha viganja vilivyochubuka, naye akavipiga picha kimoja kimoja, akiviita baraka. Dada alikataa kutoa vyake. Njia nzima ya kurudi, kwenye taksi, aliupakata ule mkono wenye lengelenge.

Jumapili alfajiri aliondoka kwenda saluni, kiganja amekifunga kitambaa. Kanisani, ambako kazi siku hiyo ni dhambi, kiongozi alisimama akasimulia juu ya binti mgonjwa aliyebebwa mlimani na imani ya kaka zake. Watu waliguna kwa upole, wengine wakafuta macho. Akanigeukia nitafsiri.

Nikawatazama wenzangu, na mama katikati yao.

"Anamsema yaya," nikasema. "Haumwi. Iko kazini, anasuka."