Kikasha Kilichozeeka kwa Mwezi Mmoja

Takamat, mjane wa mhunzi pale Agadezi, alianza kutengeneza vikasha vya ngozi angali na meno yote. Unafinyanga udongo, unauvika ngozi mbichi ya mbuzi, unabandika nyuzi za nta, unatia rangi nyekundu. Nta ikitoka, mistari myeupe inabaki. Udongo ukikauka unauvunja, unaukung'uta wote. Ila gumba lake lilikatwa na kisu mwaka jana, basi siku hizi mstari wake wa mwisho unapinda kama mkia wa mbwa.

Mnunuzi alikuwa naye mmoja tu, Sidimu, mchuuzi mwenye kilemba kirefu na maneno marefu zaidi.

Asubuhi moja Raishatu, bibi wa ukoo mkubwa, akamwita Takamat hemani kwake amtazamie kikasha cha harusi. Binti yake alikuwa anaolewa Ijumaa. Takamat akamkuta Sidimu kajiachia mkekani, mbele yake kikasha cheusi.

"Kina miaka mia hiki," Sidimu akasema. "Kilibeba vito vya masultani. Mbuzi sita tu."

Takamat akakigeuza. Mstari wa mwisho umepinda.

Ni chake hicho. Akisema, vyake atamuuzia nani? Akinyamaza, anaibiwa Raishatu, aliyempa maziwa tangu mumewe afe.

"Mwache, bibi," Sidimu akacheka. "Kazeeka huyu, haoni."

Hapo akajiponza. Mwanamke wa kihunzi hana haya, humwambia hata sultani kuwa kilemba chake kimekaa vibaya. Takamat akalamba kidole, akasugua. Masizi na samli vikatoka, wekundu ukachungulia.

"Miaka mia? Nimekuuzia mwezi uliopita, mwongo we! Gumba langu hili hapa, na mstari wake huo! Umekibanika kama nyama!"

"Mama, taratibu, watu wanasikia…"

"Wasikie! Unampaka mtoto masizi halafu unamwita babu?"

Sidimu akatoka viatu mkononi. Hakununua kwake tena, hata kimoja.

Raishatu akajifunika uso. "Shoga, nimeshawaambia wakwe ni cha mama wa bibi yangu."

"Mwongo na wewe."

"Basi nitengenezee kingine. Kipake moshi kidogo, kidogo tu."

"Sikipaki. Na Ijumaa hukipati, udongo haukauki kwa sababu wewe una harusi. Binti yako atapelekewa kwake, kipya, chekundu. Akidumu na mumewe kitazeeka chenyewe. Asipodumu, atakurudishia bado kinang'aa."