Boti ya Kuenda Shabunda

Jamani, leo nimekasirika kabisa!

Mimi nafundisha Kiingereza hapa Ibanda, pembeni ya ziwa. Site ya internet ya biro ya tourisme, ile ya utalii, kwa Kiingereza kibovu, ilikuwa inaambia wageni bapande boti ku ziwa mpaka Shabunda.

Shabunda! Kule mu pori, ziwa haifike!

Juzi nikaenda kusema. Shefu wa pale, Directeur mwenyewe, akanijibu: "Papa, andika barua, ulete ku secrétariat."

Nikaandika barua kwa Kiingereza, nikaonyesha makosa yao yote, moja moja, nikaipeleka.

Leo nafungua site. Ile page ya zamani bameitoa. Pa nafasi yake bameweka barua yangu, yote muzima! Inaanza hivi: "Bwana Directeur, hii site yenu iko aibu."

Na chini, cachet, muhuri ya shefu: "Imesomwa, imekubaliwa."

Musicheke. Muniambie tu: nani alisoma?